Bajaji za madereva wenye ulemavu katikati ya Dar es Salaam: tathmini ya abiria wa magongo

Huduma ninayoitathmini hapa haina ofisi, haina tangazo redioni wala programu ya simu ya kuiitia. Ni bajaji zinazoendeshwa na vijana wenye ulemavu wa viungo katikati ya jiji la Dar es Salaam, zile unazozikuta zimepangwa kwenye vijiwe vya Posta, Kivukoni na pembezoni mwa Kariakoo, nyingi zikiwa na alama ya kitimwendo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Nimezitumia kwa muda wa kutosha kuwa na maoni, na kwa kuwa mwenyewe natembea kwa magongo, na siku za maumivu hukalia kitimwendo, maoni yangu yana upande: ninaipima huduma hii kwanza kwa namna inavyomfaa mtu ambaye daladala imekwisha kumshinda. Anayetaka kujua tu kama atafika haraka, jibu ni kwamba atafika kama ambavyo angefika kwa bajaji nyingine yoyote, kwa sababu foleni ya Dar haimchagui dereva.

Kabla ya nauli inafaa msomaji ajue huduma hii inasimama juu ya nini. Bajaji za kawaida zimekuwa zikizuiwa kwa miaka mingi kuingia katika mitaa ya katikati ya jiji, na madereva wenye ulemavu ndio walioachiwa nafasi hiyo kama upendeleo wa kuwawezesha kujipatia riziki. Upendeleo huo haujawahi kuwa tulivu. Juni 2017, madereva wenye ulemavu walipokusanyika mjini kulalamikia kuzuiwa kwa bajaji zao, polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, na picha za tukio hilo zikasambaa nchi nzima. Nalitaja kwa sababu abiria ataliona hadi leo katika mwenendo wa madereva: ukimwomba akushushe mbele kabisa ya mlango wa jengo fulani la serikali akasita, akakushusha kona ya nyuma yake, usimhesabie uvivu. Dereva anayeingia mjini kwa ruhusa inayoweza kutenguliwa kwa tamko la asubuhi moja hujifunza kusoma upepo, na kijana mgeni kijiweni hufundishwa mitaa ya kukwepa kabla hajafundishwa bei.

Chombo chenyewe kinastahili maelezo, maana abiria wengi hupanda wakiwa na hofu ambayo hawaisemi. Bajaji ya Bajaj RE, ile ya India iliyoenea mno mjini kwetu hata jina la kampuni likawa jina la chombo, ni kana kwamba imebuniwa kwa ajili ya mtu asiyetumia miguu: usukani ni mpini wa mikono miwili, klachi iko mkono wa kushoto na gia hubadilishwa kwa kuuzungusha mshikio uleule, mafuta yako mkono wa kulia, na matoleo mengi ya sasa huwashwa kwa kitufe. Kinachobaki kwa mguu ni breki peke yake. Kwa dereva mwenye mguu mmoja wenye nguvu hakuna kinachohitaji kubadilishwa. Kwa yule aliyepooza miguu yote miwili, fundi wa kuchomelea huunganisha chuma na pedali ya breki na kukipandisha hadi usawa wa mkono. Katika bajaji niliyoichunguza kwa karibu zaidi, mkono wa kulia huachia mafuta kwanza ndipo ushike chuma hicho, jambo linalomlazimisha dereva kupunguza mwendo mapema kuliko wenzake. Sijapata kuona katika vijiwe hivi ule uendeshaji wa kupenya katikati ya malori ambao umewafanya watu wengi waziogope bajaji, na naamini chuma hicho kina sehemu yake katika utulivu huo. Upungufu ni kwamba kazi yenyewe hufanywa na fundi wa mtaani kwa kukadiria, kila mmoja na mtindo wake, na sijawahi kukutana na dereva aliyeonyeshwa mchoro mmoja wa kufuata. Jambo linaloshika maisha ya watu wanne kwenye chombo kimoja lingepaswa kuwa na kipimo kinachojulikana na kukaguliwa.

Sasa upakiaji, ambao ndio mtihani halisi. Abiria mwenye magongo huingia bila shida: sakafu ya bajaji iko chini, hakuna ngazi ya kurukia wakati gari limeanza kuondoka, na magongo hulala miguuni. Kwa mwenye kitimwendo mambo huwa marefu zaidi. Kiti kinachokunjwa hufungwa nyuma kwa mpira au husimamishwa pembeni mwa abiria. Kisichokunjwa huhitaji bajaji ya pili au subira. Na hapa ndipo huduma hii inapotofautiana na ile ya teksi, kwa namna ambayo mwanzoni nilidhani ni kasoro: dereva wako hawezi kushuka akakubeba. Ana miguu kama yako. Anachoweza kukupa ni maelekezo, na maelekezo yake ni ya mtu anayelijua jambo kutoka ndani: weka mkono hapa, usivute mlango kwa sababu hauna nguvu, telezesha nyonga kwanza, miguu itafuata. Nguvu za kunyanyua hutoka kwa wengine waliopo kijiweni, muuza maji, kijana wa kuosha magari, au deiwaka, yaani dereva wa kushikia chombo cha mwingine, asiye na ulemavu anayesubiri zamu, nao wamekwisha kufundishwa na madereva namna ya kumshika mtu bila kumchomoa bega. Niliwahi kubebwa kama gunia na wahudumu waliovaa sare katika jengo moja la heshima mjini, wala hakuna aliyeniuliza nashikwa wapi. Kijiweni huulizwa kila mara, hata na mtu aliyekwisha kunibeba.

Kijiwe ndicho kinachonifanya niandike tathmini hii badala ya kutaja tu nauli. Kwa abiria ni mahali pa kusubiri, lakini kwa vijana wanaokiendesha ni kitu ambacho miaka yangu ya ujana sikukipata popote, na nilikitafuta. Kijana mwenye ulemavu akimaliza shule, au akitoka hospitali baada ya ajali, hujikuta kwenye kipindi ambacho hakina mwenyewe. Utotoni kulikuwa na kliniki, mazoezi ya viungo, na mama wa kumpeleka. Akifika umri wa utu uzima, huduma hizo huisha au humtaka aje mwenyewe, wenzake wa mtaani wamekwisha kutawanyika kutafuta maisha, na nyumbani anapendwa lakini hatumwi hata dukani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu, na nawafahamu vijana wenye vyeti vizuri walioisoma sheria hiyo neno kwa neno, wakapeleka barua, wakaishia kuambiwa na ofisi fulani kwamba lifti yao haifanyi kazi kwa hiyo ingekuwa ni kuwatesa.

Kijana wa namna hiyo akiletwa kijiweni na ndugu au rafiki, hapewi bajaji siku ya kwanza. Hukaa. Hukaa na watu ambao hawamshangai, ambao mmoja alipata polio akiwa mdogo, mwingine alikatwa mguu baada ya kugongwa akiwa dereva wa bodaboda, mwingine alivunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi. Mazungumzo ninayoyasikia nikisubiri bajaji huhusu mpira kwa sehemu kubwa, Simba na Yanga kama kila kijiwe nchini, kisha ghafla huhamia kwenye mambo ambayo hospitali huyasema mara moja kwa haraka na familia huona haya kuyasikia. Dereva mzoefu humwambia mgeni kwamba mtu asiye na hisia makalioni hapaswi kukaa nusu saa bila kujinyanyua kwa mikono, kwamba sponji ya godoro huonekana laini asubuhi na ikifika mchana imekwisha kulala, kwamba kidonda cha kukandamizwa huanza kwa wekundu mdogo usiouma na humlaza mtu miezi. Huambiana pia namna ya kushughulikia mpira wa mkojo kazini, na kuhusu ndoa, na kuhusu kupata watoto, kwa lugha ambayo sitaiandika hapa. Nimehudhuria semina kadhaa za kutuwezesha, zenye chai na bahasha ya nauli, na sikutoka nazo na robo ya yale niliyoyaokota kwa kusubiri usafiri.

Vilevile kuna fedha, na fedha ina utaratibu wake. Dereva asiye na bajaji yake hupeleka hesabu kwa bosi kila jioni, au huendesha kwa mkataba ambao ukikamilika chombo kinakuwa chake. Juu ya hapo kijiwe kina mfuko wa kufa na kuzikana, na kina mchango wa siku kwa anayeumwa, ili hesabu yake isikatike na bosi asimnyang'anye chombo akiwa kitandani. Anapougua kwa muda mrefu, deiwaka huendesha bajaji yake na kumletea sehemu ya mapato nyumbani. Katika kijiwe ninachokijua vizuri, dereva aliyelazwa Muhimbili alikuwa na watu wa kumtembelea kwa zamu, na kwa kuwa waliokuwa wakimtembelea nao walitembelea vitimwendo, walinzi wa getini waliwadhania wagonjwa na kuwaelekeza mapokezi. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko kila ninapokwenda.

Wengine walipata vyombo vyao kupitia ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambapo asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, utaratibu uliowekwa katika sheria mwaka 2018. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kutokana na matatizo ya usimamizi na urejeshaji, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Mwanzoni mkopo ulidai kikundi, na baadaye masharti yakalegezwa hata mtu mmoja mwenye ulemavu akaweza kukopa peke yake. Najua kwa nini ulegezaji huo ulishangiliwa, kwa kuwa kuna vijiji ambako kumpata mwenzako wa kuunda naye kikundi ni safari ya siku nzima. Hata hivyo nikiangalia vijiwe vya mjini, naona kwamba aliyekopa peke yake ndiye anayeuza bajaji pale injini inapokufa, ilhali waliokopa pamoja hutoana spea, hupokezana chombo kimoja kizima kwa wiki kadhaa na kuendelea kurejesha. Afisa maendeleo ya jamii anayesoma tathmini hii angefanya vyema kumuuliza mwombaji anaegesha wapi na nani, kabla ya kumuuliza dhamana.

Kuhusu mapokezi kwa abiria wasio na ulemavu, nina jambo la kuwaambia. Wapo wanaopanda kwa huruma, na huruma hiyo huonekana. Hulipa noti kubwa na kukataa chenji, husema "hongera sana kwa kujituma" kwa sauti ya kumsifia mtoto aliyemaliza uji, kisha njia nzima humuuliza dereva alipataje ulemavu wake. Dereva mmoja, ambaye kwa adabu yake hujibu kila swali, aliniambia kwamba kwa siku anasimulia ajali yake mara nyingi kuliko anavyopiga honi. Chenji wanarudisha, na wanapenda ichukuliwe. Abiria anayebishana nao bei, anayelalamika kwamba wamechelewa, anayepiga simu asubuhi kusema "kaka, leo nina kikao saa tatu, usiniangushe", huyo ndiye wanayemweka kwenye orodha ya wateja na kumfuata mvua inaponyesha. Nimeona mama mmoja mtu mzima, muuza vitenge Kariakoo, akimfokea dereva wake kwa kumletea mzigo umelowa, na dereva akijitetea kwa "shikamoo" nyingi na ahadi ya kununua turubai. Sikuona mahali pengine mjini ambapo kijana mwenye ulemavu anafokewa kama mtu ambaye kazi yake inategemewa.

Nauli si ya chini. Kutoka Kivukoni hadi Muhimbili mimi hulipa kati ya shilingi 3,000 na 5,000 kutegemea foleni na mzigo, na kitimwendo hakitozwi. Bodaboda ni rahisi kuliko hiyo lakini haina mahali pa kuweka magongo, na mtu asiye na nguvu za mapaja hana cha kubania. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yana jambo ambalo hakuna usafiri mwingine wa umma mjini ulilokuwa nalo kabla yake: sakafu ya basi na ukumbi wa kituo viko usawa mmoja, na mwenye kitimwendo huingia kwa magurudumu yake. Anayetoka Kimara asiyaache. Shida yake huanza kituo cha mwisho, kwa kuwa basi linamfikisha Gerezani au Kivukoni na kazi yake iko mitaa kadhaa mbele, kwenye barabara zenye mitaro iliyo wazi na kingo zisizo na mteremko. Matumizi bora ya bajaji hizi, kwa maoni yangu, ni kipande hicho cha mwisho, na kwa kipande hicho bei hushuka hadi mtu wa mshahara mdogo anaweza kuimudu kila siku. Madereva wanalijua hilo, na baadhi wana wateja wa mwezi ambao huwangoja mlangoni mwa kituo asubuhi na jioni.

Kasoro zipo, na mojawapo inanikera kweli. Alama ya kitimwendo kwenye kioo imekuwa mali ya kuazimwa. Utaiona kwenye bajaji inayoendeshwa na kijana mzima wa afya, ambaye akisimamishwa na trafiki husema chombo ni cha kaka yake mwenye ulemavu na yeye anamshikia tu. Mara nyingine ni kweli, maana deiwaka ni sehemu halali ya kazi na nimeeleza faida yake. Mara nyingi mwenye ulemavu ni jina kwenye karatasi, analipwa kidogo kwa mwezi ili mwenye mtaji apate njia ya kuingia mjini, na kijana huyo mwenye jina amebaki nyumbani vilevile kama alivyokuwa, bila kijiwe na bila abiria. Vijiwe vyenyewe vinawajua watu hawa mmoja mmoja na vingeweza kuwataja, kama vingepewa mamlaka ya kuhakiki wanachama wao badala ya kuachiwa trafiki anayekutana na chombo kwa dakika mbili.

Choo ni kasoro nyingine, ingawa si ya madereva. Vyoo vya kulipia vilivyo karibu na vijiwe ninavyovijua vina ngazi au mlango mwembamba, kwa hiyo dereva wa kitimwendo hupunguza kunywa maji tangu alfajiri, katika joto la Dar, huku kila daktari akimwambia anywe maji mengi ili figo na kibofu visimletee maradhi. Baadhi wamepatana na mwenye hoteli ndogo ya chakula awaruhusu kupita uani kwake. Wanawake ni wachache mno usukanini; wale niliozungumza nao walitaja choo kabla ya kutaja usalama, na mmoja aliniambia, "Dada, mimi naweza kumjibu abiria mkorofi, ila kibofu hakijibiwi." Kijiwe pia ni mahali pa wanaume kwa mizaha yake na kwa kukaa kwake, na msichana mwenye ulemavu anayehitaji watu wa kukaa nao hatakipata hapo kwa urahisi ambao kaka yake atakipata. Wasichana wawili watatu niliowaona wakidumu walikuja pamoja, wakaegesha pamoja, na walianza na wateja wanawake kutoka sokoni.

Kwa anayetaka kujaribu: fika kijiweni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa nne, uliza bajaji inayofuata kwenye foleni badala ya kuchagua, kwa sababu zamu inaheshimiwa sana, na kama una kitimwendo sema mapema kinakunjwa au hakikunjwi. Chukua namba ya simu ya dereva uliyempenda na malipo ya simu yanapokelewa. Ijumaa mchana vijiwe hupungua watu kwa ajili ya sala. Mvua kubwa ikinyesha wengi huondoka barabarani mapema, kwa kuwa bajaji ikizima kwenye maji dereva asiyetembea hawezi kushuka kuisukuma, na hilo wasilaumiwe. Usiku baada ya saa tatu huduma karibu haipo. Hapo mimi huita gari kwa programu ya simu, nalipa zaidi, na kabla ya dereva kuanza safari humpigia kumweleza kuhusu magongo, kwani wapo wanaoyaona na kuondoa gari.